Hodi Nyumbani Kwetu

Nilisimama mlangoni, Kibokoni,
begi moja begani, jingine miguuni,
nikasema hodi mara tatu.
Ndani kimya. Kisha sauti ya mama:
"Nani huyo apigaye hodi na mlango u wazi?"

Mlango ulikuwa wazi kweli.
Pazia lilipepea, lile lile la maua,
nami nikalitazama kama kufuli.

Miaka kumi na mmoja, Zuwena, si mchezo.
Kule Bremen mlango ulio wazi una maana moja tu: mwizi.
Jirani yangu, mzee mmoja mwenye mbwa,
tulipishana ngazini miaka sita
tukitikisiana vichwa, hivi, kidogo,
kama watu wanaoshikwa na usingizi,
mpaka siku mbwa wake alipokufa
nikamwambia "pole", kwa Kiswahili,
maana kwa lugha yao sikupata neno la saizi ile.
Akalia pale pale, kwenye ngazi.
Nikamshika mkono,
nisijue ni lini huachiwa.

Basi usinicheke.
Juzi, tumetoka kuswali alfajiri,
nilisimama Digo Road kungoja taa igeuke.
Barabara tupu, hata paka hapana.
Mtu wa mkokoteni akanipita, akageuka:
"Wamngoja nani?"

Mjomba Mselem alisema yuwaja saa nne.
Saa nne kasoro tano nilikuwa kitini, viatu miguuni.
Alikuja baada ya alasiri,
na changu wawili kwenye kikapu
na habari za watu wanane, watatu wao marehemu.
Nilicheka naye, nikamkaribisha,
na hasira zangu nimezikunja ndani kama leso.
Amenipotezea saa zangu, nikawaza.
Saa zangu!
Nani aliniuzia, na kwa bei gani?

Si yote niliyobebeshwa. Mengine niliyachukua mwenyewe.
Napenda kuosha vyombo usiku, redio chini chini,
maji ya moto yakinipanda hadi viwikoni.
Siku ya kwanza mama alinipokonya sufuria:
"Watu watasema nimekuzaa kisha nikakuajiri."
Siku ya pili akanuna.
Siku ya tatu akavuta kibao cha mbuzi, akakaa kando yangu,
akanisimulia mambo ya baba
ambayo hakupata kunambia
nilipokuwa mwanamume wa kupelekewa sahani.

Lakini jana nilijikwaa kizingitini,
kidole kikachanika ukucha,
na neno lililonitoka halikuwa letu.
"Umesemaje?" akauliza.
Nikasema: nimesema ah.
Akakitazama kile kidole muda mrefu,
kama anayetafuta ni cha nani.

Na ile ya chai, wewe ulikuwepo.
Nilisema, "Bila sukari, mama,"
nawe ukainamisha macho kwenye sinia.
Hakujibu. Alinipa kikombe
namna mtu anavyotoa dawa kwa mgonjwa asiyemjua,
kikombe changu cha shule, chenye ufa,
alichokiweka juu ya kabati miaka yote
asimpe mgeni, asikitie hata maji.

Usiku huo sikulala.
Joto, na harusi mtaa wa pili, na wewe ukikohoa chumba cha pili.
Nilitamani kile kimya changu cha kule, nakwambia kweli,
theluji na taa moja ya barabarani,
nikaona haya kukitamani
chini ya dari iliyonikuza.

Leo asubuhi nilirudi na mahamri ya moto,
mikono yote miwili imejaa,
nikalisukuma pazia kwa bega.
Hodi ilifika kooni, ikakaa hapo.
Mama hakuinua uso.
Alimimina chai, akatia sukari vijiko vitatu,
hakuniuliza.

Ilikuwa tamu mno.
Nikaimaliza.