Mshono Ulioruka

Nimepewa daftari la watu mia mbili na kumi na mmoja,
kila mmoja kavuliwa jina, kavishwa nambari.
Kazi yangu ni nyepesi kuitaja:
nipige simu siku ya thelathini, siku ya tisini,
kisha mwaka ukitimia niende kwa miguu nikaulize,
kwa adabu, bila kuuliza hivyo,
kama fulani angalipo.

Visanduku ni viwili tu. Hai. Amefariki.
Hakuna cha yule anayelala kitako
akiuogopa ubavu wake wa kushoto,
wala cha mke anayemwekea kiganja kifuani usiku
kama mtu anayesikiliza mlango.

Arubaini na saba ni Fundi Shaame, mshonaji wa Limbani.
Mwaka jana, Mfunguo Tatu,
aliiangukia kanzu ya bwana harusi, sindano imo kitambaani.
Walimleta hospitali ya Wete kwa gari ya samaki.
Siku mbili mashine ilimwandika
kwenye karatasi ya waridi yenye vijiraba,
nami nikamhesabu kwa rula:
pigo, pigo, pigo, pengo,
kisha mawili yanasukumana kama watoto wa chuo mlangoni.

Hayo ndiyo tunayoyatafuta.
Daktari Time husema moyo ukishajeruhiwa
kovu huacha vichochoro,
na umeme wake ukipotelea humo
huenda ukarudi, huenda usirudi.
Hiyo "huenda" ndiyo utafiti wetu wote.

Fundi aliomba aione. Akaivuta dirishani,
akapitisha ukucha juu ya mstari
kama anayekagua kazi ya mwanafunzi.
"Hapa mshono umeruka. Na hapa.
Hapa uzi wa chini umelegea.
Kwangu mie nguo hii hairudi kwa mwenyewe."
Akacheka, na mashine ikakiandika kicheko,
vilima vidogo visivyo na maana kwa sayansi.

Kitanda cha pili alilala arubaini na sita,
Ussi Mcha, karani wa bandari.
Mapigo yake yalilingana kama shanga za tasbihi.
Fundi alimwonea gere, akampima mabega kwa ukanda wa bendeji,
akamwahidi kanzu.

Leo mwaka umetimia.
Tangu barabarani nasikia cherehani:
taka-taka-taka, kimya, taka.
Nikamshukuru Mola, kisha nikajikumbusha
kuwa mtafiti hatakiwi kuyashukuru matokeo.

Vidonge? Anameza. Kizunguzungu? Akiinama.
Kupanda ngazi? Nyumba haina ngazi.
Nikatia alama kwenye "hai". Wino ukagoma. Nikarudia.

Ndipo akashusha mfuko juu ya kabati:
kanzu, shingo kaitarizi kwa hariri ya kahawia.
"Nampigia hapatikani. Kabadili laini, bila shaka.
Wewe unaye daftarini. Nimpelekee wapi?"

Nilikwishatia saini kiapo:
habari ya mmoja haimfikii mwengine.
Nikaitazama rula.
Siku ya thelathini simu ile ilipokewa na mkewe.
Alfajiri ya siku ya kumi na tisa, akasema,
alikuwa anafunga viatu.
Yule wa tasbihi. Karatasi yetu haikuona kitu.

Fundi hakuuliza mara ya pili.
Aliutafuta wembe chini ya vifungo,
akaanza kulifumua pindo, uzi mmoja mmoja,
kitambaa kisipate jeraha.
Kwa muda mrefu sauti ilikuwa ya nyuzi tu.

"Alikuwa na mtoto wa kiume?"

"Mmoja," nikasema, na kiapo kikatoboka.

"Urefu gani?"

Nikasimama. Nikaweka kiganja
chini kidogo ya bega langu. Hapa.
Akaupima mkono wangu kwa macho,
akaitandaza kanzu, akaokota chaki.

Nilipofika kwenye mfereji wa nje cherehani ilianza tena.
Sikukaa kuhesabu.