Nati ya Nane

Miritini, saa saba, lami yanata viatuni.
Kichwa cha lori kimeinama kama mdaiwa,
na Mwachiro kaifudikia injini iliyo wazi.

Sita, saba… ya nane haipo.
Utingo Nyale apekua mchanga,
akung'uta mkeka,
achungulia hata chupa ya chai.
"Fundi, umeiweka wapi?"
Mguno.
"Fundi, si nakuuliza!"

Ndipo alipofunua kinywa amtukane,
na nati, iliyobanwa menoni tangu asubuhi
isije ikapotea,
ikaponyoka.
Ting.
Ikateremka tumboni mwa injini.
Tukatazamana.

Sasa magharibi yaingia, oili imejaa karai,
tajiri kapiga simu mara tano.
Mwachiro yu chini ya lori, mkono hadi kwapani,
anapapasa.

Lile tusi hajalitoa mpaka saa hii.