Kutembea kwa Nani

Mama alipiga simu tukiwa kwenye foleni ya tiketi, Oban,
shakwe wakigombea mkate wa mtu.
Nikamwambia tunakwenda kisiwani, kutembea.
"Kwa nani?" akauliza.
Nikatafuta jibu mfukoni, nikakuta leso na funguo.
Katika Kiswahili chake hakuna kutembea kusiko na mwenyeji,
kigoda, na maji ya kunywa.
"Kwa Lismore," nikasema.
Akaridhika. Akaniagiza nimsalimie huyo Lismore na wanawe.

Mimi mtu wa Tukuyu. Maji yangu ni yale yanayoanguka.
Feri ilipotoa mguno nikashika chuma kwa mikono miwili,
na Sekela, miaka kumi na mmoja, akanishika koti
kama mtu anayemzuia mbuzi mnadani.
"Baba, watu wanakuangalia."
Hawakuniangalia. Waliangalia gazeti, mbwa, mvua.
Mvua ya kwetu hubisha kwa ngumi.
Hii ya huku huingia bila hodi, ikakaa,
ikawa kama ni wewe uliyeikuta.

Tuliposhuka, feri ikageuka, ikatuacha
na barabara moja nyembamba, nyasi katikati
kama njia ya nywele iliyochanwa kwa haraka.
Mwisho wa kisiwa, mwendo wa saa mbili na nusu,
kuna feri nyingine, ndogo, ya mwisho saa kumi na moja.
Sekela alikuwa na ramani. Mimi nilikuwa na chapati.

Kondoo walitukagua kama maofisa wa uhamiaji,
bila chuki, wakitafuna.
Tulipita tanuri la chokaa lililopoa kabla babu yangu hajazaliwa,
mti wa mjohoro ndani yake, sijui,
Sekela alisema si mjohoro, alisema jina lake,
nimelisahau.
Mwanamke kwenye trekta akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani.
"Ndiyo salamu hiyo?"
"Ndiyo. Tena hiyo ni kubwa."

Kisha getini, sanduku la mbao:
mayai sita juu ya majani makavu,
bei kwa chaki, pauni mbili, mkebe wa hela.
Muuzaji hayupo.
Nilichungulia nyuma ya ukuta. Nikapiga hodi
mara tatu, kama inavyopasa,
upepo ukanipitia kwenye meno.
"Baba, chukua tu. Wanakuamini."
"Wananijua?"
"Hawakujui. Ndiyo maana."

Nilikuwa na pauni moja na peni sitini,
na kadi ya benki, ambayo mkebe hauitaki.
Sekela akatoa kalamu.
Nyuma ya tiketi nikaandika jina langu lote,
Ambakisye Mwakalinga, nadaiwa peni arobaini,
Kiswahili kwanza, ili deni liwe langu,
halafu chini yake kwa lugha yao, ili lieleweke.
Nikaikunja. Mkebe ukalia mara moja, kidogo.

Kuandika kulituchelewesha.
Maili ya mwisho tulikimbia, mayai ndani ya kofia yangu,
mtoto mbele, akicheka kwa lafudhi ya Glasgow,
mvua kichwani, goti la kushoto likinilaumu.
Kijana wa feri alikwisha kufungua kamba.
Aliishika tu, hakuitupa,
akatazama kofia, akahesabu.
"Sita?"
"Matano," nilisema. Moja lilikuwa linanishuka kwenye mkono.

Usiku Mama akapiga tena.
"Mmemkuta?"
"Hatukumkuta. Ila katupa mayai."
Akanyamaza kidogo, kama anayepima kitambaa.
"Mkono mtupu haurudi kule, umesikia?"

Peni arobaini nimezitenga kwenye kikombe, juu ya friji.
Sekela amepiga hesabu: nauli yetu wawili,
basi, treni, chakula cha njiani,
dhidi ya peni arobaini.
Ameniandikia jumla, ameipigia mstari mara mbili.
Nimemwambia hesabu iko sawa.
Nimemuuliza Jumamosi ipi.