Kioo cha Tramu

Usiku ule nilimvisha Tuulikki soksi zangu za pamba mikononi.
Alfajiri nilizikuta chini ya kitanda,
na shuka ina vidoa vya damu, vidogo,
kama mtu aliyejaribu kalamu nyekundu akaghairi.

Ukurutu hauna adabu. Unabisha hodi saa nane za usiku
kwenye kikunjo cha kiwiko, nyuma ya goti,
na mtoto anafungua, anafungua.
"Acha kujikuna," nimesema mara ngapi?
Afadhali ningeiambia theluji isianguke.

Hospitali ya Tampere, ghorofa ya tatu.
Nilitarajia saa inayoning'inia kwenye mnyororo,
macho makali, mazingaombwe ya sarakasi.
Daktari Hellevi Kurkela alivua viatu, akakaa sakafuni.
"Kitu gani ni baridi," akauliza, "lakini hakikuumizi?"
Tuulikki hakufikiri hata kidogo:
"Kioo cha tramu ya baba. Nikiegemeza shavu."

Mimi ndiye dereva. Naangalia mbele.
Sikuwahi kujua kwamba huegemea.

"Haya, panda," akasema daktari,
sauti yake ikishuka ngazi, moja, kisha moja.
"Weka kiganja kiooni. Kiache kipoe.
Kikishapoa kibebe, usikimwage,
kitue kwenye kiwiko, baridi izame
kama maziwa kwenye mkate."
Kope zikalala. Vidole vikasahau kazi yao.
Wenyewe huita hipnosi.
Mimi niliona tu mtoto wangu akisafiri
huku amekaa.

Sisemi amepona. Alhamisi alijikuna hadi shingoni.
Mafuta tunapaka bado, asubuhi na jioni,
kucha namkata kila Jumapili, naye hununa vilevile,
na hewa ya Januari humu ndani ni kavu kama karatasi.

Ila jana usiku nilisikia mnong'ono, nikasimama mlangoni.
Alikuwa gizani, kiganja amekiinua,
kimeegemea kioo nisichokiona mimi,
anataja vituo vyangu kwa mpangilio wake,
Hervanta, Turtola, Kaleva,
harukii hata kimoja,
kisha taratibu anakirudisha kiganja kiwikoni.

Nikaingia, nikanyoosha mkono nimshike,
mazoea ya miaka sita.
"Baba," akasema, macho yamefumbwa,
"wewe shuka hapa.
Mimi bado naenda."