Ndoo

Siku ya kwanza Lali aliniita, "Mwalimu, ndoo!"
Nami mgeni, mzaliwa wa Mwingi, nikamletea ndoo.
Wakacheka mpaka Mwanaesha akashikwa na kwikwi.
Kumbe Matondoni ndoo ni njoo.

Basi nikaiacha pale mlangoni, tuanzie hapo kila asubuhi:
viatu ukutani, kisigino kwa kisigino,
kata moja ya maji, mikono miwili,
kisha mkekani.

Nani alisikia?
Nilipiga kengele, nikapiga makofi, nikapiga kelele.
Shekuwe alilala. Famau alikula chaki.

Wiki ya pili sauti ilinikauka.
Nikawa nasimama tu kando ya ndoo, kata mkononi,
namwagia atakayekuja.

Leo mvua, na ndia (nami sasa nasema ndia)
imejaa tope hadi kwenye vifundo.
Nafika nikihema, saa mbili na nusu.
Viatu vimepangwa, vya Famau vyote vya kushoto.
Mikono inachuruzika mkekani.
Na Lali, kata mkononi, amesimama mahali pangu,
hamwiti mtu, hasemi neno.

Ananitazama miguuni.

Navua.