Chumvi Isiyo na Maji

Shangazi Mgeni, ulinipa kikuku kimoja cha fedha
ukaniambia, "Kirudi." Hukusema kirudi kizima.

Nilikikata kipande, urefu wa kidole cha shahada,
nikakinyoosha kwa nyundo ya Fundi Shaame pale Chachani,
nikakifunga kwenye waya, nikaenda nacho maabara.

Ndani ya bakuli la kauri mna chumvi mbili,
nitrati ya sodiamu na nitrati ya potasiamu,
nyeupe zote, kavu zote, sawa kwa sawa
(si ya mchuzini, shangazi, usije ukaionja).
Zikiwa baridi ni jiwe. Umeme hupiga hodi, haukaribishwi:
kila ioni imekaa mahali pake, jirani kamkaza jirani,
safu za sala ya Idi, bega kwa bega, hapana pa kupenya.

Tanuri likafika nyuzi mia mbili na ishirini na kitu.
Pembeni kwanza pakatota. Kisha katikati pakazama.
Kisha, bila tone la maji, chumvi ikawa maji,
safi hata nikaona ufa ulioko chini ya bakuli.
Mimi mzaliwa wa Pemba, chumvi kwangu
ni kile kinachobaki maji yakishaondoka.
Nilisimama nikaitazama, nikasahau kuandika saa.

Nikaipandisha volti kidogo kidogo,
kama mtu amtiliaye sukari mgonjwa wa sukari.
Sindano ikatikisika.
Niliitaraji fedha: kila chembe iache elektroni moja
kama mtu avuaye viatu mlangoni,
iingie peku, ipenye kati ya nitrati zinazosukumana,
itokee kathodi, ikute elektroni nyingine, ivae, ikae.
Viatu si vile vile. Hakuna anayeuliza.

Lakini kabla ya fedha, kwa volti ndogo zaidi,
kitu kilitoka.
Khatib alikiona mbele yangu: "Mwalimu, imeshika rangi."
Ukungu wa buluu na kijani, umening'inia kwenye waya,
ukishuka taratibu kama kombe likioshwa sahanini,
ila si zafarani.

Shaba.

Shaba ndani ya kikuku cha harusi yako.
Miaka arubaini na moja umekivaa.
Chumvi imekisoma kwa dakika sita.

Niliacha fedha nayo ipite, nusu saa nzima,
mpaka umeme wa Chake ulipokatika.
Chumvi ikaganda na waya ndani, na rangi ndani,
kama mdudu kwenye sandarusi.
Ikabidi tuiyeyushe kwa maji ya moto,
yale yale maji niliyojisifu kuwa hayahitajiki.

Kwenye kathodi palikuwa pameota mvi.
Fedha, nyembamba kuliko unywele wa mtoto.
Waya umepungua gramu sifuri nukta sifuri nane,
mvi zina sifuri nukta sifuri saba.
Baki ni shaba, na labda mkono wangu uliotetemeka.

Nikaja kwako na kikaratasi, njia nzima napanga maneno.
"Kina shaba," nikasema, macho mkekani.
Ukacheka mpaka ukashika ubavu.
"Mimi mwenyewe nilimwambia sonara aitie!
Fedha tupu hupinda, mwanangu,
na mkono huu ulikuwa wa kukwangua chumvi."

Ukafungua kikaratasi. Ukazuia pumzi ili zisiruke.
"Na hizi zimepita humo chumvini?"
"Zimepita."
"Moja moja?"
"Moja moja. Lakini haipiti peke yake;
kila moja imezungukwa, inasindikizwa..."
"Basi," ukasema, "ndivyo mtu anavyotoka kwao,"
ukaifunga karatasi, ukaitia kwenye pindo la leso.
"Na kilichobaki?"

Kilichobaki kiko maabara, shangazi, juu ya rafu ya tatu.
Daftari limeandikwa: jaribio halijakwisha.