Mia Nne Themanini na Saba

Mia nne themanini na saba.
Si namba ya nyumba, wala uzito wa ng'ombe mnadani;
ndiyo mimi, kwenye kompyuta ya karani wa benki, Duluth,
Januari, theluji imefika magotini.
Akaigeuza skrini upande wangu
taratibu, kama daktari anayeonyesha picha ya pafu.

Nikakaa jikoni, koti mwilini,
nikaisoma historia yangu iliyoandikwa na wasionijua.
Humo mama hakufa. Humo hakuna zamu za usiku
nikifua mashuka ya hospitali ileile inayonidai.
Kuna tarehe tu, na neno amechelewa,
amechelewa, amechelewa,
kama kengele ya shule inayomlilia mtoto mmoja.

Ukurasa wa nne: televisheni, Arizona.
Arizona sijafika hata kwa ndoto.
Nikashika kalamu: "Mabwana,
mimi ni Verna Niskala. Huyo ni Niskanen.
Herufi chache zimenitwisha mzigo wa mtu."
Nikaituma kwa rejista, risiti nikaitia
ndani ya kopo la kahawa, juu ya friji.
Siku thelathini na moja. Wakaifuta.
Radhi hawakuomba; mashine haina midomo.

Yaliyobaki yalikuwa yangu.
Gari la wagonjwa lililomchukua mama, maili sita;
deni lake limeuzwa mara tatu, na kila mnunuzi
ana jina tamu kuliko aliyemtangulia.
Na pikapu ya Duane. Sahihi ni yangu:
siku ile mapenzi yalikuwa na wino.

Nikapeleka benki dola mia tatu,
wakanipa kadi ya kukopa dola mia tatu.
Nacheka mpaka leo. Nakopa changu, nakirudisha,
nasifiwa uaminifu.
Petroli tu. Petroli na mkate.
Na kila mwezi nalipa kabla sijavua buti.

Dawa ya deni kulipa, wanasema.
Hawasemi dozi yake ni miaka mingapi.

Machi ya pili: mia sita na kumi na moja.
Sikumwambia mtu. Nilinunua machungwa manne, taslimu.

Jana, kituo cha mafuta, nikaiona.
Chumvi ya barabarani imeila milango.
Duane yuko dukani, mgongo umempinda, anachagua sigara.
Nilimaliza kuilipa Oktoba.
Nikaweka viganja juu ya boneti.
Bado ilikuwa na joto.
Nikasimama pale, nikiuota moto niliougharimia,
mpaka vidole vikarudi.